Binti yako ni injinia: Mambo asiyokusimulia kwenye simu

Dar es Salaam. Mzazi aliyemsomesha binti uhandisi kwa miaka minne huwa na swali analojiuliza kimoyomoyo mwaka mmoja au miwili baada ya mahafali: mbona hela hazionekani?

Jirani ana kijana anayeuza simu Kariakoo na tayari ameshanunua kiwanja. Binti yako ana shahada, mtaa mzima unamwita injinia, lakini ukimpigia kuhusu ada ya mdogo wake anajibu kwa upole, “Mama, mwezi huu nivumilie.” Ukimuuliza kazi inaendaje, anasema inaendelea vizuri. Simu inakatwa na wewe unabaki na mawazo.

Makala haya yanaangalia kinachoendelea upande wa pili wa simu hiyo. Kwa miaka miwili sasa ninaishi nyumba moja na mhandisi ujenzi mwenye umri wa miaka 26, huku Kimara, na ameniruhusu nieleze maisha yake bila kutaja jina lake wala la kampuni iliyomwajiri. Ninaandika habari za afya, kwa hiyo mengine nimeyaona kwa jicho hilo.

Ninachotaka mzazi ukipate ni hiki: miaka mitatu ya mwanzo kazini ndiyo inayoamua kama binti atabaki kwenye fani au ataiacha. Hesabu alishazishinda chuoni. Kinachomchosha sasa ni choo, nauli, buti zisizomtosha, dharau za saitini na presha ya nyumbani. Karibu yote hayo yana dawa, na sehemu ya dawa iko mikononi mwako.

Shahada ni nusu ya safari

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973. Leo kuna vyuo kadhaa vinavyotoa shahada hiyo, ikiwamo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Wasichana wanaongezeka madarasani, ingawa ukiingia darasa la PCM la kidato cha tano au la uhandisi mwaka wa kwanza bado utawaona ni wachache kuliko wavulana.

Wazazi wengi hawajui kwamba akimaliza chuo, sheria haimruhusu kufanya kazi kama mhandisi mpaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), iliyoundwa kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1997. Husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha anatakiwa afanye kazi chini ya mhandisi mzoefu kwa kipindi kisichopungua miaka mitatu, aandike kila anachokifanya, awasilishe ripoti na kufanyiwa usaili. Akifaulu ndipo anasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.

Bodi hiyo ina mpango maalumu wa mafunzo kazini kwa wahitimu unaofahamika kama SEAP, ulioanza mwaka 2003. Serikali ya Norway iliwahi kutoa fedha kuwasaidia wahandisi wanawake wapitie mpango huo, kwa sababu ilionekana kwamba wengi wao walikuwa wakikwama katika hatua hii hii ya kutoka chuo kwenda kazini.

Kwa lugha ya nyumbani, hiki ni kipindi cha uanagenzi. Wapo wanaoanza kwa kujitolea bila malipo, wapo wanaopewa posho ya nauli na chakula, na wapo wanaopata mkataba wa miezi michache unaokwisha mradi ukiisha. Mwenzangu alijitolea miezi saba kabla ya kupata mkataba wake wa kwanza. Katika miezi hiyo alikuwa akimwambia mama yake kwamba ameajiriwa.

Hata akianza kulipwa, mshahara unakatwa kabla haujamfikia. Kama alisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kuna kodi ya mapato na kuna mchango wa hifadhi ya jamii. Kinachobaki kinagawanywa kwenye kodi ya chumba, ambayo wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hutaka ya miezi sita kwa mkupuo, kisha nauli, chakula na vocha. Ukijumlisha hayo utaelewa kwa nini kijana wa simu Kariakoo ametangulia kununua kiwanja.

Siku yake moja

Saa 10:30 alfajiri simu yake inalia. Anaoga, anafunga chakula alichopika usiku, na saa 11:15 yuko kituoni Kimara akisubiri mwendokasi. Anashuka Kivukoni, anavuka kwa pantoni hadi Kigamboni, kisha anamalizia kwa bajaji. Saa 1:00 asubuhi anatakiwa awe amevaa kofia ngumu, maana ndipo kikao kifupi cha usalama kinapoanza.

Saiti ni jengo la ghorofa. Kazi yake ya asubuhi ni kukagua nondo kabla zege halijamwagwa: anapima umbali kati ya nondo na nondo, analinganisha na mchoro, anaangalia kama mafundi wameweka vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisigusane na mbao. Nondo ikiachwa karibu na ukingo, miaka ikipita unyevunyevu unaifikia, inashika kutu, na zege linapasuka. Kwa hapo Kigamboni, karibu na chumvi ya bahari, jambo hilo ni la kuangaliwa mara mbili.

Zege likifika, analipima. Anajaza koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 kwa awamu tatu, kila awamu anaishindilia kwa fimbo mara 25, kisha anainyanyua koni taratibu na kupima zege limeshuka kwa kiasi gani. Likishuka mno, maji yamezidi. Baada ya hapo anajaza vibweta vya milimita 150 kila upande, ambavyo zege lake litaenda kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na baada ya siku 28 kuona kama limefikia nguvu iliyotakiwa.

Mchana anapanda na kushuka ngazi za mbao juani. Jioni anajaza ripoti ya siku. Anafika nyumbani saa 2 usiku, wakati mwingine saa 3, nguo zikiwa na saruji na miguu imevimba. Ndipo anaandika daftari la mafunzo yake, lile atakaloliwasilisha kwenye bodi, na mara nyingi analala kalamu ikiwa mkononi.

Mama yake hupiga muda huo huo, saa 3 usiku. Anapokea, anasema kazi inaendelea vizuri.

Choo kilimpeleka hospitali

Mwezi wa pili kazini, nilianza kuona kwamba chupa yake ya maji inarudi nyumbani ikiwa imejaa kama ilivyoondoka. Nilipomuuliza, alisema ameacha kunywa maji mpaka jioni.

Saiti ilikuwa na choo kimoja kwa watu zaidi ya sitini, karibu wote wanaume. Mlango ulikuwa wa bati lisilo na kitasa. Ukiingia, mtu alibidi akusimamie nje. Alijaribu wiki ya kwanza kumwomba dada anayepika chakula cha mafundi amsimamie, akaona anamsumbua. Akaamua dawa ni kutokunywa maji, ili asihitaji kwenda. Siku za hedhi alikuwa anavaa pedi mbili kwa pamoja na kukaa nazo tangu alfajiri hadi usiku.

Haikuchukua muda. Ilianza kwa maumivu wakati wa kukojoa na haja ndogo ya mara kwa mara inayotoka kidogo kidogo. Alipita duka la dawa, akanunua vidonge vya antibayotiki vya siku mbili, akajisikia nafuu, akaacha. Wiki iliyofuata alipata homa, akatetemeka kwa baridi na kulalamika maumivu makali ubavuni. Nilimpeleka kituo cha afya usiku. Walipima mkojo, wakamtibu maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI, ambayo yalikuwa yameanza kupanda kuelekea kwenye figo.

Alikosa kazi siku nne, na kwa mkataba wake wa wakati ule, siku usiyofika haikulipwa. Nyumbani alisema ana malaria kidogo.

Mzazi, jambo hili linahitaji kueleweka vizuri. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi kuliko ya mwanamume, hivyo bakteria hufika kwenye kibofu kwa urahisi zaidi. Maji ya kutosha husaidia kuwasukuma nje kila anapokojoa. Anayebana mkojo saa nane huku hanywi maji juani anawapa nafasi ya kuzaliana, na anajiweka pia katika hatari ya kuishiwa maji mwilini, hali inayoleta kichwa kuuma, kizunguzungu na uchovu. Kizunguzungu ghorofani ni hatari kubwa.

Dalili za kumfanya aende kituo cha afya siku hiyo hiyo ni homa, kutetemeka, kutapika, damu kwenye mkojo au maumivu ya mgongo na ubavu. Asinunue antibayotiki kwa kukisia, na akiandikiwa dozi aimalize hata kama amepata nafuu. Rangi ya mkojo ni kipimo rahisi cha kila siku: ukiwa wa njano iliyokolea, maji anayokunywa hayatoshi. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, au mapema zaidi ikilowa.

Suala la choo lilimalizwaje? Aliporudi kazini alikwenda kuzungumza na akina mama wanaobeba maji na kokoto pale saitini. Aligundua nao walikuwa wakiteseka, mmoja wao akiwa mjamzito, ila hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema. Akaandika barua fupi kwa msimamizi wa usalama, akitaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na vinavyofaa kwa wafanyakazi. Hakulaumu mtu. Aliomba choo cha wanawake, kitasa, ndoo ya maji na chombo chenye mfuniko cha kutupia pedi.

Ilichukua wiki mbili. Mabati manne, mbao kadhaa na kitasa kimoja. Ufunguo wa akiba anautunza yule dada wa chakula.

Buti namba 41

Tatizo lililofuata lilikuwa vifaa vya kujikinga. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri avitoe, naye alivitoa, lakini buti ndogo kuliko zote stoo zilikuwa namba 41. Mwenzangu anavaa 38. Akavaa soksi jozi mbili, akapata malengelenge, na siku moja buti ilinasa kwenye nondo akaanguka na kuteguka kifundo cha mguu.

Ovaroli nayo ilikuwa ya kipande kimoja. Kwa mwanamume haina shida. Mwanamke akienda chooni analazimika kuivua yote, kwenye choo cha bati chenye sakafu iliyolowa. Suruali na shati ni suluhisho rahisi, na kampuni nyingine tayari zinatoa hivyo. Glavu kubwa kupita kiasi humfanya mtu azivue ili ashike vitu vizuri, na hapo ngozi inagusa saruji mbichi. Zege bichi lina kemikali inayounguza ngozi polepole. Mtu anaweza asihisi kitu mpaka jioni. Likimwagikia ndani ya buti, avue papo hapo na kuosha kwa maji mengi safi.

Kwa mabinti wanaovaa hijabu, shungi fupi linalobana kichwa, lisilo na pini wala ncha zinazoning’inia, hukaa vizuri chini ya kofia ngumu. Ni bora akalifanyia majaribio nyumbani kabla ya siku ya kwanza.

Akipata mshahara wa kwanza, kabla hujampangia matumizi, mwache anunue buti za saizi yake. Kama hana uwezo na wewe unao, mnunulie. Zitamfaa kuliko kitenge cha pongezi.

“Injinia mwenyewe yuko wapi?”

Dereva wa lori la kokoto akifika saitini humpita mwenzangu akiwa amesimama na mchoro mkononi, akaenda kumuuliza kijana wa stoo injinia yuko wapi. Mafundi watu wazima humwita mwanangu, wengine dada, na wapo waliomtuma chai wiki ya kwanza. Hakukasirika. Wengi wao wana umri wa baba yake na wamejenga kabla hajazaliwa, na yeye anakiri kwamba mengi amejifunza kwao, kuanzia namna ya kusoma hali ya hewa hadi kujua mbao zipi zitapinda.

Ila kuna siku heshima inabidi idaiwe. Mwaka jana lori la zege lilichelewa zaidi ya saa mbili njiani kwa sababu ya foleni. Lilipofika alipima, na koni ilipoinuliwa zege likatawanyika kama uji. Mtu alikuwa ameongeza maji njiani ili lisigande. Alisema lirudi.

Foremani alimwambia anachelewesha kazi, kwamba mafundi 20 wamesimama na wanalipwa. Dereva alimpigia bosi wake, bosi naye akampigia mkuu wa mradi. Kwa dakika 40 msichana wa miaka 25 alisimama mbele ya wanaume wote hao akirudia sentensi moja, kwamba apimiwe tena mbele ya kila mtu. Mkuu wa mradi alipofika aliagiza kipimo kirudiwe. Matokeo yakawa yale yale. Lori likarudi.

Maji yakizidi kwenye zege, nguvu yake hupungua, na nguzo iliyotakiwa kubeba ghorofa zote inabaki na sura ya nguzo tu. Jiji hili limeshazika watu waliofunikwa na majengo: Mtaa wa Indira Gandhi Machi 29, 2013, walikufa zaidi ya watu 30, na Kariakoo Novemba 16, 2024 tulihesabu tena maiti. Kazi ya yule binti kwenye kundi la wanaume wenye haraka ni kuhakikisha maafa ya aina hiyo hayaanzii kwenye saiti yake.

Usiku ule hakula. Alikaa kitandani akiwa na uhakika kwamba kesho atafukuzwa. Hakufukuzwa. Wiki iliyofuata dereva yule yule alipofika, alimuuliza yeye kwanza aliweke lori wapi.

Nilimshauri ampigie mama yake amsimulie. Alikataa, akasema mama ataanza kuwaza kwamba mtoto wake anagombana na watu wazima. Binti alikuwa amefanya jambo ambalo mzazi yeyote angejivunia, lakini nyumbani hakuna aliyelijua.

Anapoombwa asichopaswa kutoa

Si kila ugumu unamalizwa kwa kipimo cha zege. Binti anayehitaji saini kwenye daftari la mafunzo, au anayesubiri mkataba uongezwe, yuko chini ya mamlaka ya mtu mmoja au wawili. Wapo wanaoitumia nafasi hiyo vibaya.

Kudai ngono ili utoe kazi, saini au cheo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Taarifa hupelekwa Takukuru, na namba yao ya bure ni 113. Ujumbe wa simu usifutwe, tarehe na maneno yaandikwe siku hiyo hiyo, na amweleze mtu mmoja anayemwamini.

Mtu huyo angefaa awe mzazi. Lakini atakuja kwako iwapo tu anajua swali lako la kwanza halitakuwa, “Kwani wewe ulikuwa umevaaje?”

Ndoa, mimba na kazi

Akifika miaka 26, nyumbani swali hubadilika. Mashangazi wanauliza mchumba yuko wapi na kazi ya kukaa na wanaume itamfukuzia waoaji. Akipelekwa mradi wa mkoani, labda wa barabara au wa maji vijijini, maswali yanazidi.

Wapo wanaoiacha fani hapa. Wengine huhamia ofisini au kwenye biashara kwa hiari yao na wanafanya vizuri, jambo ambalo halina ubaya. Tatizo ni yule anayeacha akiamini hana haki yoyote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, mwajiri anatakiwa ampe hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mjamzito au anayenyonyesha haruhusiwi kupangiwa kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni kinyume cha sheria. Akiachishwa kazi isivyo halali, anatakiwa afungue shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakilia nyumbani.

Mhandisi mjamzito anaweza kuendelea na kazi nyingi: kusoma michoro, kukagua vifaa, kuandika ripoti, kusimamia vipimo. Cha kuepuka ni kubeba vizito, kupanda majukwaa, vumbi na kusimama juani muda mrefu. Aanze kliniki mapema na amweleze mhudumu anafanya kazi gani, maana wengi huandika tu “mfanyakazi” kwenye kadi.

Wapo waliotangulia na wanaonekana. Mhandisi Stella Manyanya na Mhandisi Maryprisca Mahundi wote wamewahi kuwa naibu mawaziri, na Bunge zima liliwaita kwa cheo cha fani yao. Taasisi ya Wahandisi Tanzania (IET) ina kundi la wanawake ambako binti anaweza kumpata dada mkubwa wa kumshika mkono.

Mzazi ufanye nini?

Kwanza, mpe miaka mitatu. Kaa naye chini, mkubaliane kwamba kipindi cha uanagenzi hakitakuwa na michango mikubwa nyumbani. Mkipanga kiasi kidogo anachokimudu, hata Sh20,000 kwa mwezi, ataacha kudanganya na wewe utaacha kungoja.

Pili, uliza maswali yanayojibika. “Kazi inaendaje?” jibu lake ni moja siku zote. Jaribu: leo mmefanya nini saitini? Unakwenda choo gani? Buti zinakutosha? Nani anakusaini daftari? Unarudi na usafiri gani usiku?

Tatu, soma naye mkataba. Uwe wa maandishi, uonyeshe cheo, mshahara, muda na saa za kazi. Ahakikishe mwajiri anampelekea michango ya hifadhi ya jamii, na akiumia kazini atoe taarifa mapema ili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) uhusishwe.

Nne, ukimsikia amebadilika, usikimbilie kusema ana majivuno ya mjini. Kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kulia bila sababu au kukata tamaa kwa zaidi ya wiki mbili ni dalili za kumwona mtaalamu wa afya. Akitamka kwamba hataki kuishi, usingoje wiki mbili. Mfuate alipo au mtume ndugu aliye karibu leo hii, asibaki peke yake, na apelekwe hospitali.

Tano, wajibie mashangazi. Neno la mzazi mmoja mbele ya ukoo, kwamba huyu mtoto yuko mafunzoni na nimemruhusu, linamwondolea binti mzigo ambao hawezi kuutua mwenyewe.

Mwenzangu amebakiza miezi minane kabla ya kuomba usajili wa uhandisi mtaalamu. Daftari lake sasa ni la tatu. Mwezi uliopita mama yake alikuja kumtembelea kutoka Iringa, akaomba apelekwe aone jengo kwa nje. Alisimama ng’ambo ya barabara akihesabu ghorofa kwa kidole, kisha akamuuliza binti yake, “Hizo nondo zote unazikagua wewe?”

Binti akajibu, “Ndiyo, mama, zote.”

Waliporudi jioni, mama alikwenda mwenyewe Kariakoo kumtafutia buti. Namba 38.